Sahani Iliyoshika Jua

Shabunda, 25 Februari 2024

Papa Mukubwa Philémon,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na mwanao Carine na Bruno mume wake, na binti yangu Mireille mnayenilelea huko Kadutu. Sisi huku ni wazima. Mvua inatupiga kila siku, ndege haikutua kwa siku kumi na moja, na chumvi imekuwa kama dawa: watu wanaichota kwa ncha ya kijiko. Bruno akilalamika kwamba simu yangu haiingii, mwambie ana haki. Mnara umelala tangu Noeli. Basi tutaandikiana kama zamani, naye Bruno awe anapeleka barua zako uwanja wa ndege wa Kavumu kwa marubani.

Mwalimu wetu wa fizikia amekwenda kuchimba dhahabu. Préfet, mkuu wetu wa shule, akaniita ofisini: "Madame Nsimire, masaa yake utachukua wewe." Nikamwambia mimi ni wa Kifaransa. Akacheka: "Ulikulia kwa nyumba ya mwalimu wa fizikia. Fizikia iko kwa damu yako." Nikasema damu haisahihishi madaftari. Haikusaidia.

Juma lililopita nilifundisha habari za jua. Msichana mmoja, Noëlla, akasimama: "Madame, umesema katikati ya jua na siye hakuna kitu, hata hewa. Sasa ile joto inapita wapi? Nani anaibeba?" Darasa zima likacheka, kisha likanitazama likingoja jibu. Nilisema nitajibu Jumatatu. Jumatatu imepita. Nisaidie.

Kuna jambo lingine. Mireille atapokea komunyo ya kwanza tarehe 18 Agosti, parokiani kwenu. Mama mmoja anayeuza maharagwe ameniletea ujumbe kutoka kwa mama yangu Colombe, aliyeko Mudaka: "Anauliza kama anaweza kuja kwa kanisa, hata akae nyuma kabisa."

Sijajibu. Mwaka huu mdogo wangu Élie angetimiza miaka thelathini. Mama alimwacha amelala karibu na mbabula, lile jiko la makaa, ikiwa na moto, akaenda robinet kuchota maji, nyumba ikaungua na mtoto ndani. Ndivyo nilivyoambiwa nikiwa na miaka tisa, na papa yangu Jacques, mdogo wako, alikufa akiyasema hayohayo. Tangu alipomfukuza mama, wewe ndiye uliyenilea. Neno lako nitalifuata. Aje, au asije?

Binti yako,
Nsimire

*

Bukavu, Kadutu, 24 Machi 2024

Mwanangu Nsimire,

Barua yako imefika ikiwa na doa la mafuta na harufu ya samaki, lakini imefika. Mireille amekua, anaimba katika kwaya ya watoto na kutusumbua na wimbo mmoja tangu asubuhi. Carine hajambo. Bruno ameanguka na pikipiki yake penye ule mteremko wa soko, goti tu. Mimi, miguu inavimba na pumzi ni fupi. Daktari ameniambia kwa adabu nisipange mambo ya mbali. Unisamehe mwandiko huu.

Swali la Noëlla ni zuri kuliko mengi niliyoulizwa kwa miaka thelathini na minne ubaoni. Joto lina njia tatu. Ya kwanza, tia kijiko cha chuma katika chai ya moto: mkono wako unaungua ingawa haukugusa chai. Chembe za chuma zinasukumana, moja inaiamsha nyingine. Ya pili, maji ya sufuria: yaliyopata moto yanapanda, ya baridi yanashuka, joto linabebwa na maji yenyewe. Njia hizo mbili zinahitaji kitu. Zingekuwa hizo tu, jua lisingetufikia kamwe.

Kwa ya tatu, wawashie wanafunzi mbabula uwanjani. Wasimame pembeni yake, si juu yake, hatua moja. Watasikia joto usoni. Sasa kila mmoja aweke daftari kati ya uso wake na makala yanayowaka. Joto litakatika mara ile ile. Waulize: hewa imebadilika? Hapana, ni ileile. Basi kilichokuwa kikiwafikia hakikuwa hewa. Ni kitu kinachokwenda moja kwa moja kama mwanga, na kweli ni ndugu wa mwanga, ila macho hayakioni chote.

Kila kitu chenye joto kinatetemeka ndani yake, na mtetemo ule unatoa mawimbi. Mawimbi ya Ziwa Kivu yanahitaji maji, sauti inahitaji hewa. Haya hayaegemei kitu. Ndani yake nguvu ya umeme inazaa ya sumaku, na ya sumaku inazaa ya umeme, mpaka yakutane na kitu cha kuyameza. Njiani hakuna joto. Huko katikati ni baridi tupu. Linakuwa joto pale linapopokelewa. Kitu cheusi kinameza, kinachong'aa kinarudisha. Kutoka kwenye jua hadi uso wako ni dakika nane na kidogo.

Mwambie Noëlla hivi: hakuna anayelibeba. Linakuja lenyewe.

Kuhusu Colombe, karatasi imekwisha.

Papa yako Mukubwa,
Philémon

*

Shabunda, 28 Aprili 2024

Papa Mukubwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Pole kwa miguu. Usishuke sokoni peke yako tena, nimekwisha kumwandikia Carine, naye ana ruhusa yangu kukufungia mlango. Hapa tumemzika mama wa préfet, na masomo yakasimama siku nne.

Somo la mbabula lilikwenda vizuri kupita yote niliyowahi kufundisha. Wanafunzi hamsini na wawili wakiinua na kushusha madaftari kama maaskofu wanaobariki. Noëlla alirudi kesho yake na kioo cha ndani ya tochi iliyokufa, kile kibakuli kinachong'aa. Alikielekeza juani akachomeka jani kavu katikati, likatoa moshi. Akaniuliza kama kibakuli kikubwa kingepika chakula.

Hapo nikakumbuka sahani yako. Papa, ile antena ya mviringo uliyopewa na wazungu wa misaada, na wanafunzi wako wakaibandika karatasi za kung'aa za pakiti za sigara kwa uji wa muhogo, kipande kwa kipande. Nilikuwa najiangalia ndani yake, kichwa chini miguu juu. Ulichemsha maharagwe bila makala, na majirani wakakutania: "Mwalimu anapika na jua. Mvua ikinyesha atakula nini?" Ilikwenda wapi? Sikumbuki kuiona tena baada ya moto. Nataka kutengeneza ya namna ile na darasa. Niandikie vipimo.

Na karatasi yako haikuisha. Nyuma ilikuwa nyeupe yote. Nakuuliza tena: mama aje, au asije? Yule mama wa maharagwe anarudi Mudaka mwezi wa sita.

Nsimire

*

Kadutu, 19 Mei 2024

Nsimire,

Usiitengeneze. Nakukataza. Kama imekwisha kutengenezwa, igeuze uso chini na uifunike kwa blanketi zito, hata kama ni dakika mbili tu unazoondoka.

Philémon

*

Shabunda, 16 Juni 2024

Papa Mukubwa,

Nakusalimu, na kupitia kwako Mireille. Mwambie kanzu nyeupe nimekwisha kuipata. Sisi ni wazima, namshukuru Mungu, na nitakuambia kwa nini namshukuru.

Barua yako ya mistari mitatu ilikaa Kavumu siku kumi na tisa. Ilipofika sahani yetu ilikuwa tayari, kubwa kama kifuniko cha pipa. Jumamosi moja, barua ikiwa bado haijafika, tuliipeleka nyumbani kwa Noëlla. Tukachemsha mayai, tukayatoa, tukaingia ndani kuyala. Mama yake akapiga kelele uani. Mkeka wa kuanikia muhogo ulikuwa umetoboka tundu la ukubwa wa limau, na moto ukitembea kingoni mwake. Tulimwagia maji. Hakuna aliyeumia. Noëlla alisema: "Madame, hakuna mutu aliigusa." Nimesikia sentensi hiyo kichwani kila siku tangu hapo.

Ulijuaje habari ya blanketi?

Yule mama wa maharagwe amekwenda Mudaka. Sikupata neno lako, nikatumia langu. Nimemwambia mama asije.

Sasa nina swali moja, si la fizikia. Ijumaa jioni, siku moja kabla ya moto, sahani yako ilikuwa katika njia kati ya nyumba zetu mbili. Naikumbuka kwa sababu nilijikwaa kwenye mguu wake nikaenda na damu kwa katekisimu kesho yake. Jumapili tuliporudi kutoka kumzika Élie, haikuwapo. Papa, Jumamosi ilikuwa wapi?

Nsimire

*

Kadutu, 13 Julai 2024

Mwanangu Nsimire,

Nakusalimu. Mireille anakusalimu. Carine anafikiri naandika habari za afya yangu, na ameniwekea mto mgongoni.

Leo ni Jumamosi, tarehe 13 Julai, na siku ya moto ule pia ilikuwa Jumamosi, tarehe 13 Julai 1996. Nimeanza barua hii mara sita. Kila mara nilianza na salamu, na salamu zikawa ndefu, zikawa barua nzima. Sasa nasema.

Nyumba ya papa yako haikuunguzwa na mbabula. Niliiunguza mimi.

Unazikumbuka nyumba zetu, zote za mbao, na kati yake njia ya hatua mbili. Mwaka ule mchwa walikuwa wanazila mbao za Jacques, na mimi ndiye niliyemshauri azipake mafuta machafu ya gari, kama watu wanavyofanya. Zikawa nyeusi. Nilikuwa nimefundisha maisha yangu yote kwamba cheusi kinameza joto, na sikuyaunganisha mambo hayo mawili kichwani. Sahani niliiweka katika njia, karibu na ukuta ule, nisiwazibie wapita njia. Kutoka mahali mwanga ulipokutana hadi mbao, mkono mmoja ungetosha kufika.

Saa nne asubuhi niliielekeza juani na kuweka sufuria. Saa sita maharagwe yalikuwa yameiva. Niliitoa sufuria. Nilikuwa na desturi ya kuifunika sahani kwa blanketi la jeshi, na kila mwanafunzi wangu aliijua amri hiyo. Siku ile mwalimu mwenzangu Théodore alipita juu ya kilima akaniita: "Philémon, pombe ya kasiksi imeiva, kuya uonje mbele ya wengine." Nikasema nakwenda dakika kumi. Dakika kumi, blanketi la nini? Tulikaa saa moja na nusu tukibishana kama maji ya moto yanaganda haraka kuliko ya baridi.

Sahani haikusogea, lakini jua lilisogea. Pale ambapo sufuria ilikuwa ikiumeza mwanga, sasa hapakuwa na kitu. Ile nukta ya ukubwa wa limau ilitambaa polepole upande wa nyumba, haina sauti, haina moshi, haimgusi mtu, mpaka ilipokutana na mbao zilizokunywa mafuta.

Tulisikia makelele, nikakimbia. Ukuta ulioanza kuungua ulikuwa wa upande wa njia. Upande wa jiko ulikuwa bado mzima. Niliiona sahani yangu imesimama palepale, inang'aa. Jambo la kwanza nililofanya, Nsimire, kabla ya kuuliza nani yuko ndani, ni kuichukua sahani ile na kuibeba hadi nyuma ya nyumba yangu. Mikono iliungua kidogo. Watu walidhani niliungua nikijaribu kuingia. Sikuwasahihisha.

Mama yako alifika na bidoni la maji kichwani. Hakulitua. Liliteleza lenyewe likapasuka. Jacques alimshika mabega: "Uliacha mbabula." Akajibu: "Nilizima, Jacques. Nilimwaga maji. Moto imetoka inje." Aliyasema mbele ya shirika zima, wakristo wote wa mtaa wetu. Watu walimtazama kama anavyotazamwa mtu anayejitetea juu ya maiti ya mtoto wake.

Kesho yake alfajiri niliipigapiga sahani kwa nyundo na kuitumbukiza katika choo cha shule. Kisha, saa saba mchana, watu wote wakiwa makaburini, nilirudi katika njia ile na fimbo, nikapima kivuli. Nilitaka kuwa na hakika. Nikawa nayo.

Nilijiambia nitasema baada ya kilio. Kisha ikaja vita, na nani angekuwa na nafasi ya kusikia habari za sahani. Kisha Jacques akafa. Kisha wewe ukaanza kuniita papa. Kwa padri nilikuwa nikisema, "Nimesema uongo," na hakuna padri aliyeniuliza uongo gani. Mudaka ni safari moja tu ya pikipiki kutoka hapa. Sijakwenda hata siku moja.

Uliniuliza mara mbili kama mama yako aje. Jibu ni kwamba hapakuwa na sababu ya yeye kuondoka.

Philémon

*

Shabunda, 28 Julai 2024

Kwa Philémon,

Nimesoma. Sitaandika ninachokifikiri, kwa sababu nikikiandika kitabaki.

Nauliza. Mama alisema alimwaga maji. Unasema upande wa jiko ulikuwa bado mzima. Baada ya moto kuzimwa mtu mmoja aliingia kuangalia mbabula, akatoka akawaambia watu kwamba alikuta makala yenye moto. Kwa neno hilo papa alimfukuza. Nilikuwa nimeshika mkono wa shangazi, nikayasikia. Sikumbuki ni nani. Wewe unakumbuka.

Nakuja na ndege ya tarehe 8 Agosti. Nijibu kabla sijafika kwako.

Nsimire

*

Kadutu, 4 Agosti 2024

Mwanangu,

Bruno atakupa barua hii mkononi, uwanjani Kavumu. Isome kabla hujapanda pikipiki yake. Barabara ya kuja Bukavu inapita Mudaka. Ushuke huko kwanza. Nimemwambia asikulete kwangu hata ukimwomba.

Aliyeingia ni mimi. Nilikuwa mkubwa wa familia, ilikuwa zamu yangu.

Mbabula ilikuwa penye kona ya jiko. Mama yako alikuwa ameifunika kwa sufuria pana, kama mwanamke mwangalifu anavyofunika. Niliifunua. Makala yalikuwa meusi, mazima, yana unyevu. Majivu yalikuwa yameshikana kama udongo, na juu yake vishimo vidogo pale maji yalipodondokea. Moto uliokula nyumba nzima haukuwa umegusa kilichokuwa chini ya sufuria ile. Mtu yeyote ambaye angeingia baada yangu angeona. Hata mtoto angeona.

Niliyavunja majivu kwa kiatu changu. Nikachukua vipande vya mbao vilivyokuwa bado vyekundu nikavitia ndani ya mbabula, nikakoroga kwa kijiti, nikaiweka sufuria mbali, ukutani. Haikuchukua muda. Nilifanya kwa utulivu, kama ninavyotayarisha jaribio la darasani kabla wanafunzi hawajaingia.

Nikatoka. Jacques aliuliza: "Ilikuwa ingali na moto?"

Nikasema: "Ndiyo."

Mama yako alikuwa ananitazama. Alikuwa akiniamini kuliko watu wote wa nyumba ile, kwa sababu nilisoma. Nilipotamka neno lile sikuona hasira usoni pake. Niliona ameanza kujiuliza.

Habari hii sikuiweka katika barua ya tarehe 13. Nilikuwa nimeiandika, nikaichana. Nilitaka ubaki na mzee aliyesahau blanketi.

Philémon

*

Mudaka, 12 Agosti 2024

Papa Mukubwa,

Nimeandika neno hilo kwa sababu sijapata lingine. Bruno anakuletea barua hii leo jioni. Uko karibu, ningeweza kuja, lakini kwa sasa kuandika ndiko ninakoweza.

Nilishuka Mudaka na begi langu. Mama alikuwa shambani. Alinitazama kutoka mbali, jembe mkononi, akauliza: "Ni nani amekufa?" Nikasema hakuna. Akasema: "Sasa umekuya kufanya nini?" Miaka ishirini na minane, Papa, na aliona kwamba kilichoweza kunileta kwake ni kifo tu.

Anapika nje, mbali na nyumba, hata mvua ikinyesha. Mbabula yake ameizungushia mawe. Kando ya kitanda chake kuna ndoo ya maji, na kabla ya kulala anatia mkono ndani kuhakikisha imejaa. Nilimwona. Hakujua kwamba namwona.

Nilimsomea barua zako mbili polepole, nikizigeuza kwa Mashi, lugha yetu. Habari ya sahani aliisikiliza bila kuinua macho. Habari ya majivu ilipofika, alininyooshea mkono niache. Kisha akasema: "Soma tena pale." Nikasoma. "Tena." Nikasoma mara ya tatu: makala meusi, yana unyevu, vishimo vidogo pale maji yalipodondokea.

Alivunja kijiti vipande vipande. Halafu akasema, si kwangu: "Basi maji nilimwaga."

Nikamuuliza kwa nini anashangaa, si ndivyo alivyosema siku ile mbele ya wote? Akanijibu: "Nilisema. Kisha muzee alitoka akasema ndiyo. Muzee hadanganye. Nikawaza labda maji ninakumbuka ni ya siku ya ijumaa. Nikakubali ni ya ijumaa." Akarudia: "Haikukuwa ya ijumaa."

Usiku huo alilala na ndoo kama kawaida. Asubuhi maji yale alimwagilia kabichi.

Alitaka kujua jinsi jua linavyoweza kuchoma kitu bila kukigusa. Nikamweleza kama ulivyonifundisha, daftari mbele ya makala, dakika nane. Alielewa upesi kuliko préfet wangu. Akacheka, cheko lisilo zuri: "Joto inatoka kule kwa jua, inafika hapa dakika munane. Philémon anatoka Kadutu kufika Mudaka, inamukamata miaka makumi mbili na munane, na bado hajafika."

Jumapili ataingia kanisani pamoja nami, benchi ya mbele. Kuhusu wewe nilimwambia aamue yeye, na mimi nitakubali. Alichosema ni hiki, ninakiandika kama kilivyo: "Akuye. Mukono sitamupa. Akae fasi naweza kumuona. Watu wakisha kula, asimame, aseme yote mbele ya shirika, kwa mudomo yake, kama mimi nilisema yangu siku ile. Barua hapana. Barua watu hawasikie."

Wengi wa wale wa 1996 bado wako Kadutu. Carine hajui. Mireille hajui. Baada ya hapo sijui nitakuita nani. Najua tu kwamba nikiangalia daftari zangu zote za shule, jina la aliyelipia ni lako, na nikiangalia ndoo ya mama, iliyoijaza ni mikono yako pia.

Daktari alikuambia usipange mambo ya mbali. Jumapili si mbali.

Nsimire

*

Kadutu, 13 Agosti 2024

Nsimire,

Bruno anangoja mlangoni, injini inawaka.

Nitakuwapo. Carine nimemwambia jana usiku. Hajaniletea chai leo, na ana haki. Miguu ikikataa kusimama nitasema nikiwa nimekaa, lakini nitasema kwa sauti ya darasani, wa nyuma wasikie.

Mwambie Colombe nitaanza na majivu. Habari ya sahani nitaisema mwisho, kwa sababu sahani ilikuwa ajali.

Philémon